Ubao wa Mninga wa Klabu Yetu ya Bao, Tabora: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja wa Kuuchezea

Ubao wa zamani wa klabu yetu ulipasuka mwezi Agosti mwaka jana, katika majuma yale ambayo hewa ya Tabora hukauka kiasi kwamba milango iliyokuwa ikikwama wakati wa masika huanza kucheza ndani ya fremu zake. Ulikuwa ubao wa msonobari, ulionunuliwa kwa haraka kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, na ufa wake ulianzia kwenye kichwa cha kulia, yaani shimo la mwisho la upande huo, ukafuata nyuzi za mti katika mashimo manne ya safu ya mbele. Tuliuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, tukaendelea kucheza kwa wiki mbili, lakini kete iliyodondoka kwenye mshono ule iliegemea ukingoni badala ya kutulia chini, na mara mbili kete moja ilihesabiwa katika shimo ambalo kwa kweli haikuwamo. Katika mchezo ambao kete moja huamua kama mchezaji atakula, yaani atachukua kete za mpinzani, au atalala, yaani zamu yake itaisha, kasoro ya namna hiyo haivumiliki. Wanachama 26 walichanga shilingi 5,000 kila mmoja, na kutokana na shilingi 130,000 zilizopatikana tuliagiza ubao mpya wa mninga kwa shilingi 110,000, tukanunua kete kwa shilingi 12,000, na shilingi 8,000 zilizobaki zikatumika kushona mfuko wa turubai wa kuuhifadhia.

Ubao huo sasa umechezewa mwaka mzima, karibu kila siku, na mikono ya wazee, vijana, akina mama na wanafunzi. Kwa kuwa nimekuwa mtunza vifaa wa klabu katika kipindi chote hicho, na kwa kuwa watu wa kata nyingine na hata wa wilaya jirani wamekuwa wakituuliza kama fedha ile ilitumika vizuri, nimeona niandike kwa urefu kile tulichokiona. Jibu langu ni kwamba ilitumika vizuri, na ningeshauri klabu yoyote inayoanza ijinyime mambo mengine kwanza, viti vikiwamo, ili ipate ubao wa aina hii. Hata hivyo ubao una kasoro mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzifahamu kabla ya kumkabidhi fundi fedha, na mojawapo ilitugharimu ugomvi wa siku tatu.

Klabu hukutana upande wa Ng'ambo, chini ya mwembe mmoja wa ile miembe mikubwa ambayo mji huu umejulikana nayo tangu enzi za misafara iliyopita hapa ikielekea Ujiji. Tunaanza baada ya alasiri na kuacha giza linapoingia, na Jumamosi tunacheza ligi ya ndani kuanzia asubuhi. Ninaeleza mahali kwa sababu mahali ndipo panapoupima ubao. Ubao unaokaa sebuleni juu ya meza hauna shida na mtu yeyote. Wetu hukaa juu ya mkeka au benchi fupi, hupigwa na vumbi la Julai, hudondokewa na maembe kuanzia Novemba, hunyeshewa na mvua ya ghafla kabla ya mtu kuwahi kuufunika, kisha hurudishwa stoo kwa baiskeli. Lolote linaloweza kuharibika kwenye mbao huharibika upesi katika maisha ya namna hiyo.

Fundi tuliyempa kazi ana karakana ndogo ya samani na hakuwa mchezaji wa bao. Jambo hilo lilitutia wasiwasi, na katibu wetu akafanya uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio uliookoa kazi yote: alimwomba fundi aje akae nasi jioni mbili kabla ya kugusa patasi. Fundi alikuja na rula na penseli, akatuamkia wazee mmoja baada ya mwingine, akakaa pembeni akitazama mikono badala ya kutazama mchezo. Jioni ya pili aliuliza, "Wazee wangu, nipime mkono wa nani?" Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akamjibu, "Mwanangu, pima wa mama huyu, pima na wangu, kisha pima wa yule kijana wa mwisho, maana wote watatu tunachota kete humo humo." Alipima upana wa vidole vyetu vilivyokusanywa pamoja kana kwamba vinachota, akaandika, akaondoka.

Vipimo alivyoleta ni hivi: ubao una urefu wa sentimita 86, upana wa sentimita 36 na unene wa sentimita 6, nao umetoka katika kipande kimoja cha mti bila kuunganishwa. Mashimo 32 yamepangwa kwa safu nne za mashimo manane, kila shimo likiwa na kipenyo cha sentimita 7 na kina cha sentimita 3 na nusu, na kila upande wa mwisho kuna ghala la mviringo kwa ajili ya kete ambazo bado hazijaingia mchezoni. Ghala hizo mbili si pambo. Mchezo wa bao la kiswahili huanza kila mchezaji akiwa na kete 10 ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, yaani lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani mwake, na kete 22 zikiwa mkononi, nazo huingizwa moja moja katika hatua ya namua. Kwenye ubao wa zamani tulizimwaga kete hizo 22 mkekani, na hakuna wiki iliyopita bila mtu kuzikalia au kuku kudonoa moja akidhani ni punje ya chakula. Tangu tupate ghala hatujapoteza kete hata moja kwa njia hiyo.

Kipimo cha mashimo ndicho ninachokisifu kuliko vyote, na ningependa msomaji asiyecheza aelewe kwa nini. Kanuni ya klabu yetu haimruhusu mchezaji kuzivuruga kwa kidole kete za mwenzake ili kuzihesabu, kwa hiyo anategemea macho. Shimo likiwa la kina kirefu na jembamba kama kikombe, kete hupandana na mchezaji huona tatu za juu huku nne zikiwa zimejificha, na matokeo yake ni kwamba anayemiliki shimo anajua idadi na mpinzani anabahatisha. Shimo likiwa pana na la kina kifupi kama sahani, kete huruka na kuhamia kwa jirani mara tu mkono wa haraka unapozidondosha. Katika mashimo yetu kete sita au saba hukaa kwa safu moja bila kupandana, kwa hiyo nyumba inapoanza na kete zake sita huonekana zote, na mtu aliyekaa upande wa pili huhesabu kwa jicho bila kuinama. Chini ya shimo pamechongwa mviringo laini unaozirudisha kete katikati zenyewe. Wachezaji wetu wazuri husambaza kete kwa kasi ambayo mgeni haifuatilii, na kwenye ubao huu kasi hiyo haiharibu hesabu.

Tena kuna sauti. Komwe, yaani mbegu ngumu tunayoitumia kama kete, ikidondoka ndani ya mninga hutoa mlio mkavu ulio wazi, na mlio wa kete inayoangukia shimo tupu ni tofauti na mlio wa kete inayoangukia kete nyingine. Mzee mmoja wa klabu, ambaye macho yake yameanza kupungua nguvu kwa ukungu, amerudi kwenye ligi baada ya kukaa nje karibu miaka miwili, kwa sababu anasema sasa anausikia mchezo. Sikuwa nimefikiria jambo hilo wakati tunachangishana fedha, na ni miongoni mwa mambo yaliyonifurahisha sana katika mwaka huu.

Kuhusu mti wenyewe, mninga ni mti wa miombo ya nyumbani kwetu, na mtu yeyote aliyekulia Tabora anaujua kwa utomvu wake mwekundu unaotoka kama damu gome linapokatwa. Maseremala wanaupenda kwa sababu ukishakauka vizuri haujikunji wala kupanuka sana majira yanapobadilika, na kiini chake hustahimili mchwa. Neno la kuzingatia ni "ukishakauka". Ubao wetu wa kwanza haukuwa na dosari ya kuwa msonobari tu. Uliuzwa ukiwa mbichi, ukaja kumaliza kukauka mikononi mwetu. Fundi wa safari hii alituonyesha mbao zake zimepangwa ndani ya banda, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, nasi tulichagua kipande ambacho kilikuwa kimekaa hapo zaidi ya mwaka. Kiangazi cha mwaka huu kimepita, Agosti ileile iliyotupasulia ubao imepita, na nimekagua kila shimo kwa kucha bila kupata ufa wowote. Anayenunua mninga aulize pia kibali cha mbao hizo. Misitu yetu imekatwa sana, kwa mbao na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na klabu ya wazee haifai kucheza juu ya mti ulioibwa.

Mwanachama wetu mmoja aliyefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi hupenda kutusimulia mchezo aliouona huko katika klabu zenye viwanja vya nyasi, ambako wazee waliovaa nyeupe huviringisha tufe kubwa kuelekea kitufe kidogo cheupe, na anayezikaribisha tufe zake karibu zaidi ndiye anayepata alama. Mchezo huo, uitwao bowls kwa Kiingereza na wenye asili ya Uingereza, umekuwamo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu ile ya kwanza iliyofanyika Hamilton, Kanada, mwaka 1930, isipokuwa ile ya mwaka 1966. Alitueleza kwamba tufe zenyewe hazina umbo la usawa kamili, ndiyo maana zinapopungua kasi hupinda kuelekea upande mmoja, na kwamba kazi kubwa ya klabu ile haikuwa kucheza bali kutunza nyasi, kuzikata fupi na kuzisawazisha, kwa kuwa kijito kidogo cha maji ya mvua kinachopita uwanjani kinatosha kuharibu ustadi wa mtu aliyejifunza miaka 20. Nilipomsikia nilielewa jambo lilelile tulilolipitia sisi. Ufa wetu ulikuwa kama kijito kile. Mchezaji hodari na mchezaji wa kawaida hulingana pale ambapo kifaa chenyewe hakisemi kweli, na hodari huacha kuja.

Sasa nieleze kasoro ya kwanza. Nyumba, kama desturi inavyotaka, imechongwa mraba ili itofautiane na mashimo mengine, na fundi wetu, kwa kujali unadhifu wa kazi yake, aliichonga kwa pembe kali mpaka chini kabisa, kama sanduku. Inapendeza kwa macho. Lakini vidole vya binadamu huchota kwa mviringo, na kete ya komwe nayo ni ya mviringo, kwa hiyo kete moja ikiingia pembeni hubaki pale wakati mkono umekwisha kuondoka na nyingine. Mwezi wa Novemba, katika mchezo wa ligi uliokuwa umebaki kete chache mikononi, mchezaji mmoja alikubali nyumba yake isafiri, akachota, akasambaza, na kete yake ya mwisho ikaangukia shimo tupu, akalala. Hapo ndipo mpinzani alipoona kete moja imesalia katika pembe ya nyumba. Kama ingechotwa pamoja na nyingine, kete ya mwisho ingefika shimo moja mbele, ambalo lilikuwa na kete na lilikabiliana na shimo la mpinzani lililojaa, na mchezo mzima ungegeuka.

Mmoja alisema mchezo urudiwe kuanzia kuchota, mwingine akasema mkono ukishainuka umeinuka. Mabishano yalihamia kwenye vibaraza vya nyumbani, na kwa siku tatu wanachama wawili waliokuwa wakichangia baiskeli moja walikuja klabuni kila mmoja kwa miguu yake. Hatimaye wazee waliamua kwamba anayechota nyumba ana wajibu wa kuhakikisha imekuwa tupu, na kwamba kete iliyobaki ni yake na hasara ni yake, lakini mchezo ule mmoja urudiwe kwa kuwa kanuni haikuwa imetamkwa kabla. Kesho yake niliupeleka ubao kwa fundi azirekebishe nyumba zote mbili. Alizungushia msasa chini ya pembe mpaka zikawa na mteremko, huku juu mraba ukibaki unaonekana, na hakutudai fedha. Tangu siku hiyo hakuna kete iliyosahaulika. Anayeagiza ubao leo aseme tangu mwanzo kwamba nyumba iwe mraba juu na duara chini.

Kasoro ya pili ni ndogo lakini inakera. Kando ya upande mmoja kuna utepe wa mti mweupe, yaani ile sehemu ya nje iliyo karibu na gome, ambayo haina uimara wa kiini chekundu. Tuliuona tangu siku ya kwanza tukaupenda, kwa kuwa rangi zile mbili zikikaa pamoja hupendeza. Kufikia mwezi wa Machi ulianza kutoa unga mweupe, ishara kwamba wadudu wameanza kuubungua. Tulipaka mafuta ya taa kwenye vitobo na unga umekoma, lakini ukingo ule umeshakuwa na alama kama uliochomwa sindano. Kwa bahati njema wadudu hawakugusa kiini, na hakuna shimo lililoathirika. Mnunuzi akatae mti mweupe hata akiambiwa ni urembo.

Kuhusu umaliziaji, fundi alitaka kupaka vanishi nasi tulikataa baada ya kuona kipande cha mfano: taa ya stoo ilipowaka, mng'ao wake ulificha kete zilizo chini ya shimo. Badala yake tulipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta kidogo ya alizeti. Mkoa huu haukosi nta, kwa kuwa warina asali wetu huiuza pamoja na asali yenyewe, na mpako mmoja hutosha kwa miezi mitatu. Nta haikuzuia maji kabisa, kwani mvua ya Desemba iliacha madoa mawili meupe ambayo yalitoka kwa kusuguliwa, lakini imeupa ubao rangi ya kahawa iliyoiva na imezuia utomvu wa mwembe kuganda. Jambo la kupendeza ni kwamba mashimo hayajakolea rangi kwa usawa. Mchezaji anapokula huanza kusambaza kete alizokula kutoka kichwani, na kwa sababu hiyo vichwa vinne vya safu za mbele vimeguswa kuliko mashimo mengine yote na sasa vinang'aa peke yake, vikifuatiwa na nyumba mbili, wakati pembe za safu za nyuma bado zina rangi ya siku ya kwanza. Nikiutazama ubao ulio mtupu ninaona jinsi mwaka wetu ulivyochezwa.

Kete ni sehemu ya ununuzi ambayo wengi huisahau. Mkomwe ni mmea wa pwani, na huku bara watu hutumia kokoto au mbegu nyingine. Tulijaribu kokoto zamani tukaziacha, kwa kuwa hukwaruza mbao na hutofautiana uzito. Ndugu wa mwanachama mmoja alituletea komwe 80 kutoka pwani kwa treni, nasi tumezitumia 64 zinazohitajika na kuweka akiba 16, ambazo mpaka sasa zimepungua nne kwa kupasuka. Zikishatumika miezi kadhaa huwa laini kama kifungo na hupendeza mkononi. Ningeshauri klabu isinunue ubao mzuri kisha ikaunyima kete.

Uzito wa ubao ni karibu kilo 10. Kwa kijana si kitu, lakini kwa mzee anayeufungua stoo peke yake ni mzigo, na fundi hakuweka mahali pa kushikia. Tulikubaliana kwamba anayefika wa kwanza asiubebe mpaka wa pili afike. Uzito huo huo, kwa upande mwingine, huufanya ubao utulie: mkono mzito ukipiga kete kwa furaha ya kula, hakuna kinachoruka. Kwenye ubao wa msonobari, kishindo cha furaha kilihamisha kete za watu.

Faida ambayo haikuwamo kabisa katika hesabu zetu ni wachezaji wapya. Mama mmoja mshonaji, ambaye kibanda chake kinatazamana na mwembe wetu, alikuwa akitazama kwa mbali kwa miaka bila kusogea. Siku fundi alipopima mkono wake, kwa kuwa alikuwa amekuja kutuletea maji, alijiona amehesabiwa kuwa mchezaji, akaanza kuja. Sasa anashika nafasi ya pili katika ligi, na hatua yake ya mtaji, yaani kete za mkononi zinapokwisha na mchezo kuendelea kwa zilizomo ubaoni peke yake, inaogopwa na wote. Nyuma yake wamekuja wengine wanne. Jumapili mchana ubao unakuwa wa wanafunzi, ambao huanza na bao la kujifunza, ambamo kete zote zimo ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo, bila namua. Mtoto wa darasa la tano anaweza kulicheza siku ya kwanza, na baada ya mwezi mmoja huuliza mwenyewe ile nyumba ya mraba ina kazi gani.

Mwezi wa Juni tulipata wageni sita kutoka Kigoma, waliosafiri takriban kilomita 400 za reli kwa ajili ya kucheza nasi. Shikamoo zilipokwisha na matobolwa ya viazi vitamu yakaletwa, wageni waliukagua ubao kabla ya kukubali kuukalia, jambo ambalo lilitupa heshima badala ya kutuudhi. Waligonga kingo, walidondosha kete katika kila shimo, na mkubwa wao akasema mashimo yao ya nyumbani ni ya kina kifupi zaidi. Katika michezo miwili ya kwanza mikono yao ilichelewa kidogo, kisha wakazoea. Kilichochukua muda ni kanuni ya takasia, ambayo sisi na wao hatuielezi kwa namna moja: ni lini shimo la mpinzani linafungwa asiweze kulichezea, na ni lini liko huru. Tulikaa karibu saa nzima tukilionyesha suala hilo kwa kete ubaoni, mfano baada ya mfano, mpaka pande zote zikakubali maelezo ya mmoja wa wazee wao, ambayo yalikuwa wazi kuliko yetu. Katibu aliyaandika, na tunayatumia mpaka leo. Michezo 12 ilichezwa, sisi tukashinda saba, na mmoja kati ya ushindi wao ulikuwa mkononi, mpinzani akiwa bado hajamaliza kuingiza kete zake. Aliyefungwa hivyo ni mimi. Nilicheza vibaya na mgeni yule alicheza vizuri sana, na ubao haukuwa na lawama yoyote.

Walipoondoka waliomba vipimo. Nimewaandikia yote niliyoyaeleza hapa, pamoja na maelekezo ya fundi, na wametujulisha kwamba wameagiza wa kwao kwa seremala wa Ujiji, wakiomba mashimo yawe ya kina cha sentimita 3 badala ya 3 na nusu kwa sababu ya mikono yao ilivyozoea. Sioni ubaya. Kina hicho bado kinaonyesha kete, na mkono wa mchezaji ndio wa kuamua.

Bei ya shilingi 110,000 ni kubwa kwa mtu mmoja, na sitamshauri mtu anunue ubao wa ukubwa huu kwa ajili ya nyumbani, ambako ubao mdogo wa nusu ya bei hiyo unatosha kabisa kwa michezo ya familia. Kwa klabu hesabu ni tofauti. Wa msonobari tuliununua kwa shilingi 40,000 na haukumaliza kiangazi kimoja. Huu umemaliza mwaka bila kuhitaji chochote isipokuwa nta, yale mafuta ya taa na ule msasa wa nyumba, na sioni sababu ya kutodumu miaka mingi ikiwa utaendelea kulala ndani ya mfuko wake wa turubai, mbali na ukuta unaovuja.

Foleni ya Jumamosi imekuwa ndefu kiasi kwamba wachezaji wengine hurudi nyumbani bila kugusa kete, kwa hiyo tumeanza kuchanga tena kwa ajili ya ubao wa pili kwa fundi yuleyule. Safari hii tumemwomba kiini kitupu bila mti mweupe, nyumba zenye mteremko chini, na vishikio viwili vilivyochongwa kwenye kingo za mwisho chini ya ghala. Kipande kimeshachaguliwa na jina la klabu limeandikwa juu yake kwa chaki. Mama mshonaji ameshapima turubai ya mfuko, na fundi amesema ataanza kuchimba mashimo mara atakapoletewa nusu ya fedha, ili kazi iishe kabla mvua za Novemba hazijaanza.